Mtu wa Chini Asinyamaze

Tunduma, Jumatatu, Agosti 28, 1933

Daftari hili nilipewa na mpishi mkuu wa hoteli kule Ndola siku tulipofukuzwa kazi, badala ya kuagana vizuri. Limekaa tupu tangu hapo. Leo nalifungua kwa sababu mimi, Watson Simbeye, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, niliyewahi kumwekea jenerali supu mbele yake na tone lisidondoke, nimekubali kuwa mchimba visima.

Nacheka nikiandika. Mke wangu Aida hacheki.

Mambo yalikuwa hivi. Machimbo ya shaba yalipopunguza watu, wageni walikwisha, na hoteli bila wageni ni nyumba tu yenye vitanda vingi. Nikarudi Tunduma na koti langu jeupe la kazi lenye vifungo vya shaba, na lugha tano kichwani. Lugha tano hazioti shambani. Nilicholima mwaka jana wamekula nzige, na hawakusema hata asante.

Jana akaja mulamu wangu Mbonile, kaka wa Aida, kutoka kwao Isongole. Mbonile ni fundi wa visima. Ni mfupi, mpana, mwenye hasira za karibu, na anajisifu karibu kama mimi, ila yeye anajisifu kwa kununa.

"Mulamu, kazi unayo?"

"Ninazo nyingi, bado nachagua."

"Basi chagua yangu. Mwene, chifu wa Msangano, anataka kisima kabla ya mvua. Natafuta mtu wa chini."

Nikamwonyesha viganja. "Hii mikono imebeba sahani tangu ujana. Sururu naijua kwa kuiona tu."

"Sururu utafundishwa. Ninachotaka kwako ni huo mdomo."

Nikadhani ananitania, kumbe sivyo. Akanieleza kwamba shimoni kuna hewa mbaya isiyo na harufu. Ni nzito, inalala chini, inazima mshumaa ukishushwa kuipima, na inamchukua mtu kama usingizi. Kwa hiyo mtu wa chini lazima aseme, aimbe, apige soga, chochote, mradi wa juu wamsikie. Akinyamaza wanamvuta hapo hapo. Mwenzake wa zamani, Jonasi, alikuwa fundi hodari lakini mkimya. Kule Mbangala aliponyamaza, walidhani ni kawaida yake.

Aida alikuwa anapakua ugali. Akaweka mwiko chini. "Kaka, huyu ni mume wangu, si mshumaa."

"Mshumaa ukizimika hauombi msaada," alisema Mbonile. "Huyu ataomba mpaka wamsikie Rodeshia."

Nikacheka kuliko wote. Usiku nilihesabu vifungo vya koti langu mpaka majogoo.

Msangano, Septemba 4

Huku bondeni jua halina adabu. Wanawake wanachimba mchanga wa mto mkavu kwa vibuyu, wanangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, na aliyechelewa anarudi na tope. Nimewaambia wasihofu, mtu wa Ndola amefika.

Tuko watatu. Mbonile, mimi, na Enoka, mwenyeji wa hapa, mtu mkubwa kama mlango wa kanisa na mwenye maneno machache kama mlango huo huo. Kazi yake ni kuzungusha gogo lenye mikono miwili ambalo kamba imeviringishwa. Ana kofia nyeusi ya kizungu yenye ukingo, imepauka. Haivui ila anapoanza kazi. Hapo huitundika kwenye nguzo polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Nikauliza habari zake. Nikaambiwa alitembea kwa miguu mpaka Luanshya kutafuta kazi, akafika machimbo yanafungwa, akageuka. Hadithi kama hiyo haiwezi kuniacha. Pale mtoni nikaicheza mbele ya wanawake: Enoka anakwenda, jasho, vumbi, anafika, anabisha hodi, mzungu anamwambia hakuna kazi. "Basi niuzie kofia!" Wanawake walicheka mpaka vibuyu vikamwagika. Hata Nesta, mkewe Enoka, mwenye mimba kubwa, alicheka kwa kujiziba mdomo.

Enoka alikuwa nyuma yangu. Akaishusha kofia mpaka machoni.

Septemba 5

Malengelenge. Nakula ugali kwa ncha za vidole kama bibi wa kizungu.

Septemba 6

Leo nimefunzwa jambo ambalo hata Ndola hawana. Kwao Mbonile, watu hawaanzi kazi ya hatari wakiwa na kinyongo. Kila asubuhi kabla mtu hajashuka, wote tunashika kamba ile ile. Mbonile anaomba, maana ni Mkristo wa kweli, halafu kibuyu cha maji kinapita. Kila mtu anaulizwa, "Una neno?" Mwenye neno na mwenzake analisema palepale, wanalimaliza, kisha anasukutua maji na kuyatema chini. Asiye na neno anatema tu. Mwenye neno akilificha, kamba inajua. Ndivyo asemavyo Mbonile.

"Una neno?" aliniuliza.

"Ninalo. Ugali wa jana ulikuwa mbichi."

"Watson."

"Sina neno." Nikatema.

Enoka naye, "Sina neno," bila kunitazama.

Septemba 11

Nimeshuka kwa mara ya kwanza. Mbonile alikuwa amekwisha kuchimba udongo wa juu, na shimo limenipita kimo mara mbili. Si kina cha kutisha, anasema. Kwake si cha kutisha.

Wanakufunga kamba kwapani, unakanyaga kijiti, na ardhi inapanda mbele ya uso wako. Kuta zina mizizi iliyokatwa, na mizizi hiyo inakugusa. Nilisema maneno yote ninayoyajua kwa lugha zote tano. Nilisimulia habari za bibi mmoja wa Ndola aliyekalia keki. Nilisimulia mbwa wa meneja. Mikono ilichimba, mdomo ukafanya kazi yake, na moyo wangu ulikuwa umebaki juu umeketi ukingoni unaniangalia.

Walipoanza kunivuta nilimwona Enoka kutoka chini, miguu yake mikubwa na mikono yake kwenye gogo. Nikajiambia, Watson, wewe sasa umekuwa ndoo. Na yule uliyemcheka ndiye mwenye ndoo.

Nilipofika juu nikasema, "Huko chini pazuri, mtu angeweza kufungua hoteli." Kisha nikaenda nyuma ya kichaka nikatapika.

Septemba 13

Udongo mwekundu. Udongo mwekundu. Mgongo.

Septemba 20

Tunachimba kipande, tunajenga kipande. Kila kipande kinazungushiwa matofali ya kuchoma, pete juu ya pete, ili kuta zisituangukie. Leo Mbonile aliniachia pete nzima. Nikaipanga, nikajipongeza kwa sauti, nikamwambia aje aone kazi ya mtu aliyesafiri.

Alishuka na timazi yake, kipande cha risasi mwisho wa uzi. Akaining'iniza. Akaitazama pete yangu, akaipiga teke, ikaanguka yote.

"Macho yako yanajua sahani imenyooka mezani," alisema. "Hapa hakuna meza. Usiamini macho, amini uzi."

Nikaanza upya.

Septemba 29

Siku mbaya, na nimejitafutia mwenyewe.

Asubuhi Enoka alipokwenda kukata kuni nikaona kofia yake nguzoni. Nikaivaa. Nikatembea kwa madaha mbele ya Mbonile, "Hodi Luanshya, kofia zipo?" Nikageuka, Enoka amesimama na mzigo wa kuni. Akauweka chini. Akaja, akaivua kichwani mwangu kwa vidole viwili, akaipangusa ndani, akaitundika.

"Mulamu wangu wa kofia," nikamwambia, "usikasirike, nilikuwa naipima tu."

Akaenda kushika kamba.

Kibuyu kikapita. "Una neno?" Mbonile alimuuliza, na safari hii alimkazia macho.

Enoka aliitazama kofia nguzoni. "Sina neno."

Nikashuka. Mchana, nikiwa katikati ya hadithi ya mbwa wa meneja, jiwe la ukubwa wa ngumi likapita karibu na sikio langu na kuzama kwenye udongo kati ya miguu yangu. Nikanyamaza kwa woga, na kwa kuwa nilinyamaza wakanivuta upesi mpaka goti likachunika ukutani.

"Limeteleza ukingoni," alisema Mbonile. "Enoka alikuwa ananyoosha mguu."

Enoka alitazama pembeni.

Laiti ningejua mtu huyu ana nini moyoni. Nimewahudumia watu wa kila namna, walevi, maofisa, wachungaji, na nilijisifu kwamba namsoma mtu akiwa bado mlangoni. Huyu sijafika hata ukurasa wa kwanza.

Oktoba 1, Jumapili

Kanisani Enoka aliketi mstari mmoja na mimi. Sikusikia mahubiri. Nilitazama mikono yake.

Oktoba 9

Mwezi uliopita, nikitazama juu, mbingu ilikuwa sinia. Wiki iliyopita sahani ya chakula. Leo ni sahani ya mkate. Najua vyombo vyangu, na naogopa siku itakapokuwa kisahani cha kikombe.

Hadithi zimekwisha. Nani angedhani? Mimi, Watson! Leo nikaanza kusoma chakula cha jioni cha hoteli, kama nilivyokuwa nakisoma kila siku mbele ya wageni kwa sauti ya kanisani. Supu ya nyanya. Samaki wa Bangweulu kwa siagi. Kware kwa mchuzi mweupe. Kondoo wa kuchoma. Pudini. Jibini. Kahawa. Mwisho narudia. Sururu inaingia kwenye "samaki" na kutoka kwenye "siagi." Mbonile anasema nimempa njaa mpaka anataka kunifukuza.

Enoka hajasema kama anasikia.

Oktoba 17

Aida amekuja na unga na karanga, safari ya siku mbili na ndugu zake. Alisimama ukingoni akachungulia, akarudi nyuma. Kisha akakaa na Nesta kivulini mpaka jua lilipopinda.

Tulipokuwa peke yetu akashika viganja vyangu, akavigeuza. Vimekuwa vigumu, vina nyufa.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza.

"Vya mume wako mpya. Yule wa zamani nimemwacha shimoni."

"Usiseme hivyo!" Akanipiga kifuani, kweli kweli. Halafu kwa sauti ya chini: "Watson, unaogopa?"

"Mimi? Nani, mimi?"

Akavifunika viganja vyangu kwa vyake. Tumeoana miaka mingi, ananijua ninavyojibu swali kwa swali.

Oktoba 26

Nesta amejifungua mtoto wa kiume. Hawakuwa na kitambaa cha maana. Nimetoa koti langu jeupe, nikang'oa vifungo, nikalipeleka nyumbani kwao, nikasema huyu mtoto atavalishwa kama meneja. Enoka alilipokea, akalitazama sana, akaingia ndani. Hakusema asante. Nimekaa nikifikiri, je, hata hilo nimekosea?

Lakini silijutii. Koti lile lilikuwa linaliwa na mende.

Novemba 6

Joto limebadilika. Si lile la kuchoma, ni la kukandamiza. Mawingu yanakuja upande wa Rukwa, yanasimama, yanaondoka bila kutoa tone.

Asubuhi Mbonile alishusha mshumaa kwa kamba kama kawaida. Ulifika chini ukazimika. Tukauvuta, tukauwasha, tukaushusha tena. Ukazimika palepale, kama kuna mtu anayeupuliza.

"Ardhi inapumua mawingu yakija," alisema Mbonile. "Leo hakuna kushuka."

Tukafunga matawi yenye majani tukawa tunayapandisha na kuyashusha shimoni, na kumwaga maji kwa ndoo kutoka juu, ili hewa igeuke. Maji yale wanawake walikuwa wameyahangaikia tangu alfajiri. Waliyatoa bila kulalamika, na hilo liliniumiza kuliko malalamiko.

Novemba 9

Mshumaa umewaka. Nimeshuka. Supu, samaki, kware.

Novemba 14

Maji!

Nilikanyaga ubaridi. Nikainama, nikakumbuka kuwa hewa mbaya inalala chini, nikainuka upesi, nikainua mguu, na shimo la mguu likajaa. Nilipiga kelele hadi wakanivuta wakidhani nakufa. Kijiji kizima kilikuja. Kikongwe mmoja alilamba matope kwenye goti langu, na mimi nikalia mbele za watu bila kuona aibu.

Lakini Mbonile hakufurahi. Alishuka, akapanda, akanawa uso. Maji yanakuja na mchanga, na mchanga unatembea. Tusipoweka pete ya mwisho chini kabisa, juu ya duara la mbao ngumu, mchanga utatoka chini ya matofali yote, na kazi yote itakaa hewani, kisha itashuka. Na mvua ikiwahi, ndiyo basi. Wanawake watarudi mtoni na vibuyu.

Novemba 23

Sasa naweza kuandika ya juzi.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja mshumaa uliwaka vizuri. Kibuyu kilipita, wote hatukuwa na neno. Nikashuka, nikaweka duara la mbao, nikajenga nusu ya pete ndani ya maji ya magotini. Tukapumzika kula. Hapo mawingu yakafunga mbingu yote, meusi, ya chini, na upepo ukafa.

Mbonile akasimama. "Hii inanyesha leo. Nashuka mwenyewe nimalize. Wewe ukiweka tofali moja mimi nimeweka matatu."

"Mshumaa, mulamu."

"Umewaka asubuhi."

"Asubuhi hakukuwa na mawingu."

"Unanifundisha kisima, Watson? Wewe mpeleka supu?"

Ningepaswa kumshika shati. Nilichofanya ni kujibu kwa mzaha kwamba supu yangu haijawahi kuua mtu. Akashuka.

Mbonile si msemaji. Sheria yake mwenyewe hakuwahi kujiwekea. Tulimsikiliza kwa mpini wa mwiko wake wa kujengea unavyogonga tofali kulikalisha. Ko, ko, ko. Mimi nikawa namweleza Enoka habari ya mvua za Ndola, na Enoka anatazama juu.

Ko zikakoma. Nikadhani anachagua tofali.

Namwandikia Mungu na kila atakayesoma: nilidhani ni kawaida yake.

Enoka ndiye aliyesema, "Amenyamaza."

Tukachungulia. Alikuwa ameketi juu ya rundo la matofali, kichwa kimeegemea ukuta, kama mtu anayengoja zamu yake. Tukaita. Tukazungusha gogo, kamba ikaja nyepesi, haina kitu. Alikuwa ameifungua ili azunguke kirahisi.

Enoka tayari alikuwa ameshika matawi anayapandisha na kuyashusha kwa nguvu, anamwaga ndoo moja, ya pili. Akageuka akanitazama. Hakukuwa na haja ya kuambiana. Mimi siwezi kumzuia Enoka kwenye gogo, atanivuta tuanguke wote. Yeye ananiweza kwa mkono mmoja. Wa kushuka ni mimi.

Nikajifunga kamba. Vidole havikutaka kufunga. Enoka akaja akafunga yeye fundo, akalikaza, hakuliachia.

"Nina neno," alisema.

Nikamshika mkono. "Sema upesi."

"Kofia ni ya Lusubilo, mdogo wangu. Tulikwenda wote. Alifia njiani tukirudi, homa. Nilimzika kwa mikono yangu, sikuwa na jembe. Hakuna aliyekwenda kununua kofia."

Nikaitazama kofia pale nguzoni.

"Usiivae tena," alisema.

"Sitaivaa tena. Enoka, nisamehe."

Akageuza shingo akatema, ingawa hakuwa na maji, mate tu. "Shuka. Na useme."

Nikashuka. Kuta zile nilizozijenga zikapita usoni, pete moja moja, na nikasema, "Supu ya nyanya." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Supu ya nyanya. Samaki wa Bangweulu." Nilivyozidi kushuka, kifua kilibana kama nimevaa shati la mtu mwembamba. Nilisimama kwenye rundo la matofali kando ya Mbonile. Alikuwa anakoroma kidogo. Ana uhai! Lakini alikuwa amekaa, na kumfunga ni kuinama, na kuinama ni kuingia ndani ya ile hewa inayolala.

Nikajifungua kamba, nikavuta pumzi nikiwa nimenyoosha shingo kama jogoo, nikainama, nikapitisha kamba kwapani mwake, nikainuka. Tena. Nikafunga. Mara ya tatu nikakaza. Masikio yalikuwa yanavuma.

"Vuta!"

Juu nikasikia sauti za wanawake. Nesta alikuwa amekuja mbio na mtoto mgongoni na wenzake nyuma yake, wakashika kamba wote. Mulamu wangu akapanda, anayumba, kiatu kimoja kikanidondokea begani. Kamba moja, mtu mmoja. Mimi nikabaki.

Mbingu ilikuwa kisahani cha kikombe, nyeusi.

"Sema!" Enoka aliita.

"Samaki," nikasema. "Samaki... samaki..." Sikujua kinachofuata. Nilihudumia chakula kile miaka yote na sikujua. Niliona usingizi mzuri, mzuri kuliko wowote, na matofali yalionekana laini.

"Baada ya samaki?"

Sauti ilitoka mbali sana.

"Watson! Baada ya samaki?"

"Ndege."

"Ndege gani?"

"Kware. Kwa... mchuzi."

"Mchuzi wa rangi gani?"

"Mweupe!" Nilikasirika, maana swali gani hilo. Hasira ikanifumbua macho. Matawi yakashuka yakanipiga uso, maji yakamwagika kichwani.

"Halafu?"

"Pudini."

"Hapana! Bado. Nyama kwanza. Nyama gani?"

"Kondoo," nikasema nalia. "Kondoo wa kuchoma."

Kamba ikanigusa kichwa. Sijui nilijifungaje. Nakumbuka "jibini" nusu ya safari, na mtu akisema "kahawa" kabla yangu, halafu mikono mikubwa ikanishika kwenye ukosi na kunilaza juu ya majani. Karibu yangu Mbonile alikuwa anatapika, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nesta alikuwa anatuloanisha nyuso sote wawili kwa kitambaa. Nilikitambua. Kilikuwa mkono wa koti langu.

Mvua haikunyesha. Mawingu yaliondoka.

Novemba 24

Mbonile anaumwa kichwa, anaona mwanga mara mbili. Anakaa kivulini na timazi mapajani. Ameniambia, bila kununa, "Hata Jonasi kamba yake ilikuwa imefunguliwa. Sikukwambia." Nikamuuliza kwa nini. "Ungekubali kuja?"

Pete bado ni nusu. Mchanga umeanza kutoka upande usiojengwa, maji yamekuwa meupe.

Kutwa nzima nimetafuta sababu ya kurudi Tunduma. Nilipata nyingi, nzuri, na zote ningeweza kuzisimulia kwa ufasaha.

Novemba 25, Jumamosi

Pete imekamilika. Nilitumia uzi, sikutumia macho. Jioni Nesta alivuta ndoo ya kwanza, akaiacha itulie, akaonja, akampa mtoto kwa kidole. Mvua imeanza wakati naandika, inapiga paa la nyasi kwa nguvu, na pale kisimani matofali yamekaa.

Lakini nataka kuandika ya asubuhi.

Mshumaa uliwaka. Tuliushusha mara ya pili, ukawaka. Mbonile hawezi kushuka, pengine hatashuka tena. Alinivika timazi shingoni, akashika kamba, Enoka akashika, mimi nikashika. Kibuyu kikapita.

"Enoka, una neno?"

"Lilikwisha." Akatema.

"Watson, una neno?"

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni, nimeuandaa tangu alfajiri, mzuri sana. Nikaumeza.

"Ninalo," nikasema. "Naogopa. Nimeogopa tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi nimesema sina neno na nimekuwa nalo."

Hakuna aliyecheka. Mbonile alitazama kamba. "Na mimi," alisema. "Tangu Mbangala." Akasukutua, akatema.

Nikatema. Nikakaa ukingoni, nikaning'iniza miguu, Enoka akajaribu fundo langu, akalivuta mara mbili. Akavua kofia yake, akaitundika nguzoni, akarudi kushika gogo. Nilikuwa nimeshazama mpaka kifuani aliponiita.

"Watson."

"Naam, ndugu yangu."

"Leo tunaanza na supu gani?"